Koki ya shaba: kisa cha sabuni ya mawese iliyochacha Ujiji

Katoni tatu za sabuni zilirudi Kibirizi, bandari ndogo ya Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, kwa boti ileile iliyozipeleka. Mteja wa ng'ambo ya ziwa hakuandika barua wala kupiga simu. Alikata mche mmoja katikati, akaulaza juu ya mingine ili atakayefungua auone kwanza. Ndani mche ulikuwa mweupe kama ulivyotoka kwenye kibao cha kugandishia sabuni. Nje ulikuwa na madoa ya rangi ya chungwa, mengine madogo kama kichwa cha pini, mengine yameungana, na ukiusogeza puani ulinuka karanga zilizosahauliwa kabatini.

Shangazi yangu ni mweka hazina wa kikundi kilichoipika sabuni hiyo. Aliniita mimi kwa sababu nilisoma kemia, na katika ukoo wetu hiyo inatosha kumfanya mtu aitwe kwa lolote lenye moshi au harufu. Nilifika Ujiji nikijua mambo ya maabara, sabuni sikuijua. Nalisema mapema kwa sababu wiki mbili za kwanza nilizipoteza kwa kosa langu mwenyewe.

Kikundi kinapika sabuni za aina mbili. Ya kwanza ni nyekundu, ya mawese kama yalivyokamuliwa, inauzwa hapahapa mjini kwa watu wanaoijua tangu utoto. Ya pili ni nyeupe, nayo ndiyo inayovuka ziwa. Ili mawese yawe meupe, yanatiwa kwenye sufuria kubwa na kuchemshwa mpaka yaanze kutoa moshi na wekundu upotee. Yakipoa yanahifadhiwa, na siku ya kupika yanapimwa, yanachanganywa na maji ya kostiki, ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, yanakorogwa mpaka rojo ishike, yanamwagwa kwenye vibao, kesho yake yanakatwa miche. Sabuni nyekundu haikuwahi kurudishwa hata mche mmoja. Nyeupe ilikuwa nzuri kwa miaka miwili, kisha ghafla, tangu mvua za Novemba, ikaanza kuchacha kabla haijatimiza miezi miwili.

Watuhumiwa hawakukosekana. Mwenyekiti alimshuku muuza kostiki, kwamba anaichanganya. Kijana wa kukoroga aliwashuku wakamuaji wa kijijini. Mama mmoja alisema ni unyevu wa mvua. Mwingine alisema ni jicho, maana kikundi kilikuwa kimeanza kuonekana kina hela, na hakuna aliyecheka.

Mimi nilishuku mizani. Hesabu yake ni rahisi: kilo moja ya mawese inahitaji gramu 141 hivi za kostiki ili yote igeuke sabuni. Wao hupima kwa madumu. Madumu matatu ya lita 20 ni lita 60, lakini mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo ni kilo 54 tu. Kilo 54 zinataka kilo 7.6 za kostiki. Wao hutia kilo 7.2, yaani wanaacha asilimia tano hivi ya mafuta bila kugeuka, ili sabuni isichune mikono. Nikasema kwa sauti ya mtu aliyesoma: mafuta hayo yaliyobaki ndiyo yanayochacha. Tukapandisha kostiki hadi kilo 7.5. Sabuni iliyotoka ilikuwa kali kwenye ngozi, akina mama wakalalamika, na baada ya wiki mbili hivi madoa yakarudi. Yalipungua kidogo, lakini yakarudi.

Nilikuwa nimepata kinachoungua bila kutafuta kinachowasha. Mafuta ya ziada yalikuwepo miaka miwili yote ambayo sabuni ilikuwa nzuri.

Kilichotutoa kwenye shimo ni daftari la Shangazi. Yeye huandika kila kitu: tarehe, madumu, kostiki, nani alikoroga, sufuria ya kwanza au ya pili, maana siku ya kazi wanapika sufuria mbili. Tulikaa barazani tukalinganisha daftari na miche iliyobaki stoo, ambayo bado ilikuwa imepangwa kwa tarehe. Miche ya sufuria ya kwanza ilikuwa na madoa mengi. Ya sufuria ya pili, siku ileile, mafuta yaleyale, kostiki ileile, mkorogaji yuleyule, ilikuwa na madoa machache.

"Shangazi, asubuhi kabla hamjaanza mnafanya nini?"

"Tunafungua mafuta, mwanangu. Tunafanya nini kingine?"

"Mnafungua wapi?"

Akanionyesha tangi. Tangi la plastiki jeusi, jipya, limepandishwa juu ya matofali, safi kuliko kitu kingine chochote katika kile kiwanda. Walilinunua Oktoba kwa faida ya mwaka. Zamani mafuta meupe yalikaa kwenye madumu ya plastiki na kuchotwa kwa jagi. Sasa yanakaa kwenye tangi, na chini ya tangi fundi bomba amefunga koki nzuri ya manjano, inayong'aa.

Nilifuta mdomo wa koki ile kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kilitoka na mafuta, na ndani ya mafuta kulikuwa na ukijani hafifu, kama maji ya bwawa.

Koki ya manjano namna ile ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Shaba ikikaa na maji tu haina neno kubwa. Ikikaa na mafuta yenye asidi, inalambwa. Na mawese ya kijijini yana asidi, kwa sababu ya jinsi chikichi zinavyoshughulikiwa: mikungu inakatwa, inalazwa siku kadhaa ili chikichi zidondoke zenyewe bila kupasuliwa kwa shoka, na siku hizo zote kimeng'enya, kiharakishi cha asili kilichomo ndani ya tunda, kinayavunja mafuta na kuachia asidi huria. Wapika sabuni hawajali, na wana haki. Asidi hiyo ikikutana na kostiki inageuka sabuni kama mafuta mengine, tena upesi zaidi. Lakini kabla ya kufika kwenye kostiki imelala usiku kucha kwenye koo la koki, ikiramba shaba. Asubuhi ndoo ya kwanza inabeba ule ukijani wote hadi sufuria ya kwanza.

Hapo nilikuwa na dhana nzuri, na dhana nzuri ndiyo iliyonipotezea wiki mbili. Tena kulikuwa na mtego: sabuni nyekundu haikuharibika, na haikupita kwenye tangi. Lakini nyekundu inatofautiana na nyeupe kwa jambo jingine pia, kwamba haikuchemshwa mpaka kupauka. Kipi kiliiokoa, kukosa koki au kubaki nyekundu? Daftari lisingeweza kujibu, kwa sababu mambo mawili yalibadilika pamoja.

Tukapanga chupa sita za jamu kwenye rafu ya jikoni, karibu na jiko lakini mbali na dirisha. Mbili zilikuwa na mafuta matupu: moja meupe, moja mekundu. Mbili nyingine, meupe na mekundu, kila moja ilitiwa kipande cha waya wa umeme wa shaba uliosuguliwa. Ya tano ilikuwa na mafuta meupe na msumari wenye kutu. Ya sita mafuta meupe na kipande cha koki ya plastiki. Kila jioni mjukuu wa Shangazi, msichana wa darasa la sita ambaye hakuambiwa lolote, alinusa chupa zote zikiwa zimefunikwa karatasi, na kusema ipi inanuka vibaya.

Siku ya sita alikunja uso kwenye mafuta meupe yenye waya. Msumari ulimchukua siku nne zaidi. Mafuta mekundu yenye waya yalivumilia hadi wiki ya pili, kisha nayo yakaanza kunuka. Chupa tatu zisizo na metali, pamoja na ile ya plastiki, hazikumsumbua mpaka tulipozichoka sisi wenyewe. Pua ya mtoto si mashine ya maabara, lakini kwa mpangilio ule jibu lilikuwa wazi: shaba ndiyo mwanzilishi, na kupausha mafuta kumeondoa walinzi.

Walinzi ni nani? Wekundu wa mawese ni karotini, miligramu 500 hadi 700 katika kila kilo, lakini mlinzi hasa ni vitamini E ya aina inayoitwa tokotrienoli, ambayo mawese yanayo kwa wingi kuliko karibu mafuta mengine yote ya kula. Karotini inasaidia zaidi pale penye mwanga. Joto la kupausha linaiua karotini, na vitamini E nayo haitoki salama. Mafuta meupe ni mafuta yaliyovuliwa nguo.

Sasa shaba inafanya nini? Hapa niliulizwa swali bora kuliko yote na kijana wa kukoroga: "Shaba iliyotoka pale ni kidogo sana, kaka. Inawezaje kuharibu sufuria nzima?"

Mawese yana asidi ya oleiki karibu asilimia 40 na asidi ya linoleiki karibu 10. Kila moja ni mnyororo mrefu wa atomu za kaboni wenye viungo maradufu, yaani mahali ambapo atomu mbili zimeshikana mara mbili, na linoleiki, yenye viwili, inashambuliwa na oksijeni zaidi ya mara kumi ya oleiki. Oksijeni ya hewani hujipachika kwenye mnyororo, atomu zake mbili zikiwa bado zimeshikana, na kitu kinachozaliwa kinaitwa haidroperoksaidi. Hakinuki. Unaweza kuwa na mafuta yaliyojaa haidroperoksaidi na usijue. Lakini kile kiungo cha oksijeni kwa oksijeni ni dhaifu, na ndicho shaba inachokitafuta. Shaba hutoa elektroni moja, kiungo kinakatika, na vipande viwili vinaruka, kimojawapo kikiwa radikali huria, kipande chenye elektroni isiyo na mwenzake, yenye njaa, inayokwenda kushambulia mnyororo mwingine. Kisha shaba inaichukua elektroni yake kutoka haidroperoksaidi nyingine, na hiyo nayo inageuka radikali. Shaba imerudi ilipoanzia. Haikuliwa, haikupungua, iko tayari kwa ya tatu, ya elfu, ya milioni.

Hiyo ndiyo maana ya kichocheo, na ndiyo sababu swali la kijana lina jibu. Katika jaribio moja linalojulikana sana kwa wataalamu wa mafuta, lililofanywa kwa mafuta ya nguruwe kwenye joto la 98°C, shaba ya miligramu 0.05 kwa kilo ilitosha kupunguza uhai wa mafuta kwa nusu. Chuma kilihitaji miligramu 0.6, nikeli 2.2, zinki 19.6, alumini 50. Kwa sufuria yetu ya kilo 54, miligramu 0.05 kwa kilo ni miligramu 2.7 za shaba kwa jumla. Punje moja ya mchele ina uzito wa karibu mara kumi ya hiyo. Kanuni za kimataifa za chakula, ziitwazo Codex, zinaruhusu mafuta yasiyosafishwa yawe na shaba hadi miligramu 0.4 kwa kilo, na yaliyosafishwa 0.1, hata hiyo 0.4 kwa sufuria nzima ni punje moja tu ya mchele.

Vipande vinavyotokea mnyororo unapokatika ndivyo vinavyonuka. Linoleiki ikikatika mahali fulani inatoa heksanali, molekuli ya kaboni sita, harufu ya majani mabichi na karanga za zamani, ambayo pua inaipata ikiwa kidogo mno. Oleiki inatoa nonanali. Ukitaka kusema kwa lugha ya kemia, kikundi cha Shangazi kilikuwa kimefungua kiwanda cha usanisi, yaani cha kuunda kemikali: malighafi ya mmea, kichocheo cha metali, oksijeni kutoka hewani, na bidhaa zinazotoka ni zilezile ambazo viwanda vya manukato huzitumia. Nilimwambia hivyo. Akaniuliza zinauzwaje.

Hakuwa anatania sana. Viwanda vikubwa vya mafuta vimejengwa juu ya tabia hiihii ya metali, wakiichagua metali wenyewe na kuifungia wanapotaka. Paul Sabatier, Mfaransa, mwaka 1897 alionyesha kwamba unga wa nikeli unaweza kuunganisha haidrojeni na ethilini. Mwaka 1912 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Victor Grignard. Mjerumani Wilhelm Normann alichukua wazo hilo kutoka kwenye gesi akalipeleka kwenye mafuta ya maji, akapata hati miliki mwaka 1902. Nikeli inaijaza oleiki haidrojeni mpaka inakuwa asidi ya steariki. Oleiki inayeyuka kwenye 13°C hivi, steariki inangoja mpaka karibu 70°C. Mafuta yaliyokuwa yakimwagika yanasimama kama mche. Na mnyororo uliojaa haidrojeni hauna tena viungo maradufu, kwa hiyo oksijeni inapata tabu kuushika: metali ile inayoharibu kwa mkono mmoja inazuia uharibifu kwa mwingine.

Mfano ninaoupenda zaidi uko kwenye kabati la dawa la kila nyumba ya Kigoma. Dawa mseto ya malaria chanzo chake ni artemisinini, kitu kinachotoka kwenye mmea wa Artemisia annua, na ndani ya molekuli yake kuna kiungo kilekile, oksijeni iliyoshikana na oksijeni. Kiungo hicho ndicho dawa. Kidudu cha malaria kinakula himoglobini na kubaki na chuma cha damu mkononi. Chuma hicho kinavunja kiungo, radikali zinaruka, na kidudu kinaungua kwa silaha iliyomo tumboni mwake. Ni kazi ileile ya msumari wenye kutu kwenye chupa ya tano.

Na njia mojawapo ya kuitengeneza nayo inapita kwenye metali. Kwa sababu mavuno ya mmea huyumba na bei huyumba nayo, watafiti walipata njia ya kuifanya hamira itoe asidi ya artemisiniki, ambayo inageuzwa kwa kemia kuwa artemisinini. Kampuni ya dawa ya Sanofi iliipeleka njia hiyo kwenye kiwanda chake cha Garessio, Italia, na mwaka 2013 ikaanza uzalishaji. Hatua moja ni kuongeza haidrojeni mahali pamoja tu na kwa upande mmoja tu wa molekuli, kwa kichocheo cha metali iitwayo rutheni kilichovishwa molekuli nyingine inayokiongoza. Baadaye mwanga na oksijeni vinatengeneza haidroperoksaidi, nayo lazima ikatwe kwa namna maalumu ili molekuli ijifunge upya kuwa artemisinini. Katika maabara, watafiti waliwahi kutumia chumvi ya shaba kwa ukataji huo. Shaba! Nilipofika hapa Shangazi aliiangalia koki yake kwa jicho jingine kabisa.

Tofauti ni kwamba kule kila kitu kimepimwa: shaba kiasi gani, asidi gani, joto gani, ikiishatosha inatolewa. Kwenye tangi la Ujiji shaba iliingia bila kualikwa na hakuna aliyeitoa, ikaenda mpaka ndani ya mche, ikaendelea na kazi humo kwa wiki nane, kwenye katoni, kwenye boti, kwenye duka la ng'ambo. Madoa yanatokea penye shaba nyingi kidogo au mafuta ya ziada yaliyokusanyika, ndiyo maana mche hauharibiki wote kwa mara moja.

Tiba haikuwa na maajabu. Koki ilitolewa, ikafungwa ya plastiki kwa elfu chache. Tangi lilimwagwa, likaoshwa kwa maji ya moto na sabuni, kisha kwa maji yenye asidi ya ndimu, likasuuzwa. Ndoo za mabati ziliachwa, maana zilianza kutu kwenye maungio. Kostiki ikarudi kilo 7.2, na akina mama wakanisamehe.

Nilipendekeza pia asidi ya ndimu ya unga ndani ya sabuni yenyewe. Ikikutana na kostiki inakuwa sitrati, ambayo inaikumbatia metali iliyopita na kuipunguzia nguvu. Inasaidia, haiponyi, na ina masharti: kila gramu 10 za asidi hula gramu 6 hivi za kostiki, kwa hiyo usipoongeza kostiki umejiongezea mafuta ya ziada kinyemela. Kiasi kinachotajwa na wapika sabuni ni asilimia moja ya mafuta, kwetu gramu 540. Shangazi alipiga hesabu ya bei, akakubali nusu. Tukatia gramu 270, na kostiki ya nyongeza gramu 165. Mwenyekiti alitaka badala yake tutie marashi mengi zaidi yafunike harufu. Nilimkatalia kwa heshima zote. Marashi mengi ya bei nafuu yana molekuli zenye viungo maradufu vilevile, na shaba isingeyaacha.

Jambo moja sikulishinda. Nilishauri waache kupausha, wauze nyekundu hata ng'ambo, kwa kuwa mafuta mekundu yana ulinzi wake. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, wewe unajua mafuta. Mimi namjua mteja. Anataka nyeupe." Wanaendelea kupausha. Wamekubali tu kuacha moto mapema kidogo, mafuta yakiwa bado na umanjano, na mteja hajalalamika.

Nilibakiza miche sita ya Januari, iliyopikwa baada ya kubadilisha koki, juu ya kabati nyumbani. Nilipoishika mwezi wa tano ilikuwa haina doa. Ile ya katoni zilizorudi ilisagwa, ikatumika kusugulia sakafu ya stoo, na stoo ilinuka karanga kwa wiki nzima. Koki ya shaba haikutupwa. Iko uani, kwenye pipa la maji ya mvua, inang'aa kuliko kitu chochote pale.